Njia za mfongo ziwekewe alama: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Mlima Kilimanjaro

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Wakurugenzi wa Manispaa ya Moshi na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Na Bodi ya Maji Bonde la Pangani.

Waheshimiwa,

Kwanza nawasalimu. Mimi ni mkazi wa Mbokomu, na kazi inayonilisha ni mlima. Nilianza upagazi nikiwa na miaka 19, nikabeba mizigo ya wageni misimu mingi, baadaye nikapata leseni ya kuongoza, na hadi leo ndiyo kazi yangu. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, nimekifikia mara nyingi, hesabu niliiacha zamani. Ila ombi langu halihusu kilele. Linahusu ardhi iliyo kati ya stendi ya mabasi ya Moshi na mpaka wa msitu, huku tunakoishi sisi wenyewe. Huku, mtu akitaka kutembea tu, kwa miguu yake au kwa magurudumu ya kiti chake, hapati wa kumwambia apite wapi.

Naomba njia za miguu zilizopo tayari huku vihambani, yaani kwenye mashamba yetu ya ukoo, hasa zile zinazofuata mfongo, mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, zitambuliwe, zipimwe, ziwekewe alama kwa kadiri ya ugumu wake, na zilindwe. Na kazi hiyo ianzie kwenye njia zilizo rahisi kuliko zote.

Nitaeleza wazo hili lilikotoka. Agosti ya mwaka juzi nilipokea familia ya watu saba kutoka Uswisi. Wawili, kaka na dada, walipanda nami kupitia Machame. Watano walibaki hotelini mjini: babu yao wa miaka 78, bibi yao anayetembelea mkongojo, wazazi wao, na mdogo wao wa miaka 6. Siku ya saba tukashuka Mweka na vumbi letu na furaha yetu, nikawauliza waliobaki wameona nini. Walikuwa wameona bwawa la kuogelea. Siku moja walipelekwa kwa gari kunywa kahawa, siku nyingine dukani kununua vitenge. Siku zilizobaki walikaa vitini, wakiutazama mlima asubuhi mpaka mawingu yaufunike, kisha wanangoja kesho yake. Babu yule alikuwa mtu wa kutembea milimani tangu ujana wake. Alinieleza, bila lawama yoyote, kwamba siku ya kwanza aliomba ramani ya njia za kutembea, akapewa ramani ya mitaa ya mjini.

Ilibaki siku moja kabla ya ndege yao. Nikawachukua kwenda nyumbani kwa mama yangu.

Mama ana miaka 74 na goti lake la kushoto limeshakataa vilima. Barabara yetu haiwezi tena. Inapanda moja kwa moja juu ya mgongo wa kilima, na kwake kila hatua pale ni maumivu. Lakini kila Jumapili anafika kanisani kwa miguu yake, na hachelewi. Anapita njia ya mfongo. Siku ile, aliposikia kwamba mgeni wetu anapenda kutembea, alijifunga kitenge, akachukua fimbo yake, akamwashiria amfuate. Hawakuwa na lugha ya kusikilizana. Walitembea saa moja na nusu, mama mbele, mzee nyuma, mtoto akikimbia kandokando ya maji, mpaka kwenye banio kule mtoni ambako mfongo unachukua maji yake. Bibi wa mkongojo alikwenda nao nusu ya njia, akaketi kwenye jiwe chini ya mringaringa, na waliporudi wakamkuta hapo hapo na watoto wanne wa jirani, ana ndizi mbivu mkononi. Jioni mzee yule aliniambia kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake ya Kilimanjaro.

Mimi nimezaliwa kando ya mfongo ule. Nimeuruka nikienda shule, nimeogea, nimechapwa kwa kuuchafua. Miaka yote hiyo sikuwahi kuutazama kama njia ya mtu asiyeweza kupanda.

Ninyi mnalijua jambo hili kitaalamu kuliko mimi, lakini kwa ajili ya wengine watakaosoma barua hii nitalifafanua. Mlima wetu upande wa kusini umekatwakatwa na makorongo yanayoshuka kutoka msituni. Kati ya korongo na korongo kuna mgongo, na barabara zetu, ya Uru, ya Old Moshi, ya Kibosho, ya Kilema, zinafuata migongo hiyo. Ndiyo maana ukitoka mjini, penye mita kama 900 juu ya usawa wa bahari, mpaka kwenye malango ya hifadhi yaliyo kwenye mita 1,800 na kidogo, barabara ni ya kupanda tu. Mfongo una akili nyingine. Unachukua maji kwenye banio, unakumbatia ubavu wa korongo, unazunguka kilima, kisha unatokea kwenye vihamba vya upande wa pili. Maji hayapandi, na yakiachwa yakimbie yanabomoa kingo. Kwa hiyo wazee waliochimba walitafuta mteremko mdogo mno, ule wa kuyafanya maji yatembee bila kukimbia. Waliupima kwa macho na kwa maji yenyewe. Wazungu waliopita hapa karne ya 19 waliistaajabia kazi hiyo wakaiandika kwenye vitabu vyao.

Na penye mfongo pana njia, kwa kuwa mfongo usiokaguliwa hufa. Lazima mtu apite na jembe kuzibua, lazima wenye zamu wapite alfajiri kufungulia maji, lazima watu waufuate wote siku ya msaragambo, yaani ya kazi ya pamoja ya kijiji. Njia hiyo, kwa sababu ya kazi yake, haipandi. Wapimaji wa njia za viti mwendo wanataka mwinuko usiozidi mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo. Sehemu kubwa ya njia ya mfongo wenye afya iko chini ya hapo. Babu zetu walikuwa wakitafuta maji ya migomba, wakatuachia na njia za wazee, wagonjwa na watoto.

Leo mifongo mingi imekauka, mingine maji yake yametiwa kwenye bomba. Bomba ni jambo jema, sibishani nalo. Lakini mfongo ukifukiwa, njia nayo haikawii. Mwaka wa kwanza majani yanaota. Wa pili jirani anasogeza mgomba hatua moja. Wa tatu kuna ukuta wa tofali, na mama wa watu anarudi kwenye barabara ya boda na lori la mchanga. Ndiyo maana nasema ombi hili lina haraka. Njia hizi hazipo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuishika, na kisichokuwa kwenye ramani hakina wa kukitetea siku ya kugawa viwanja.

Kuna habari nyingine iliyonisukuma kuandika, nayo ni ya mtoto wa dada yangu. Alikuwa dereva wa bodaboda. Ajali ilimchukua mguu wa kulia, chini ya goti, akiwa na miaka 23. Alipata mguu bandia mzuri, na aliyemfundisha kuutumia alimwambia kweli: mguu huu utauzoea kwa kutembea kila siku, kwanza penye tambarare, kisha penye kokoto, kisha penye mwinuko, kidogo kidogo. Ushauri mwema. Akaufuate wapi? Mjini kando za barabara zina meza za biashara na mitaro iliyo wazi. Kijijini barabara ni ile ya kupanda. Basi akawa anafanya mazoezi pembeni mwa lami alfajiri, pikipiki zikimpita kwenye kiwiko. Kila ikipita moja alikuwa anasimama, anatetemeka, anangoja mlio upotee ndipo aendelee. Baada ya miezi miwili aliacha. Mguu ule ulikaa nyuma ya mlango karibu mwaka mzima, na yeye akakaa kitandani akinenepa na kunyamaza.

Hilo linaniuma kupita kiasi kwa sababu ni Moshi hii hii yenye chuo cha TATCOT, pale hospitali ya KCMC, kinachofundisha vijana wa nchi nyingi za Afrika kutengeneza miguu bandia na viti mwendo. Wanafunzi wanatoka mbali kuja kujifunza hapa namna ya kumrudishia mtu mwendo. Huo mwendo tumwonyeshe wapi? Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga na sheria yake mwaka 2010. Ibara ya 30 ya mkataba ule inataja burudani, mapumziko na michezo kwa jina. Haikuishia kwenye matibabu na ajira.

Mtu asidhani nasema kwamba watu wenye ulemavu mlima mkubwa hauwafai. Mwaka 1969 vijana saba wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walipanda Kilimanjaro. Mwaka 2012 Spencer West, asiye na miguu yote miwili, alifika Uhuru, sehemu kubwa ya safari akitembea kwa mikono. Nawaheshimu kwa moyo wote. Lakini kijana wetu hakuhitaji kuwa shujaa. Alihitaji kilomita mbili za kutembea Jumamosi na watoto wa dada zake, pasipo pikipiki.

Pa kuanzia papo, tena karibu na mji. Msitu wa Rau uko mwendo mfupi kutoka katikati ya Moshi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ni tambarare. Haupati uhai wake kwa mvua peke yake bali kwa maji ya chini ya ardhi yanayotoka mlimani, ndiyo maana unabaki wa kijani hata Januari, wakati mji unaungua. Kuna mivule mikubwa ambayo watu kadhaa wakishikana mikono hawauzunguki mmoja kwa urahisi, kuna mbega, kuna msoo, mti adimu ambao hata jina lake la kisayansi limebeba neno la huku kwetu. Watoto wengi wa Moshi ninaowajua wamekwenda Rau kuokota kuni au kucheza. Sijakutana na mmoja aliyepelekwa na shule yake akiwa kwenye kiti mwendo.

Nimeitembea njia ya ndani ya msitu ule na kijana wetu mwaka jana, tulipomrudisha kwenye mazoezi. Ardhi ni laini, kivuli ni kizuri, hakuna pikipiki wakati wa asubuhi ile. Alitembea dakika 40 bila kusimama. Lakini nilikuwa nikiangalia chini muda wote. Mizizi inakata njia. Penye chemchemi pana tope hata wakati wa kiangazi, na masika hapapitiki. Hakuna benchi. Hakuna kibao cha kumwambia mtu amebakiza umbali gani, na kwa mtu wa mguu bandia au wa moyo, kujua umbali uliobaki ni sehemu ya afya yake. Kinachotakiwa pale ni kazi ya mafundi wa hapa hapa: moramu iliyoshindiliwa kwenye sehemu kavu, jukwaa la mbao kwenye sehemu zenye maji, upana wa mita moja na nusu ili viti viwili vipishane au kimoja kigeuke, benchi lenye egemeo kila baada ya mita mia mbili, na choo ambacho mlango wake unapitisha kiti. Mizizi isikatwe, njia ndiyo izunguke.

Uswisi, alikotoka mzee yule, njia za miguu zimo ndani ya katiba tangu mwaka 1979, na mtandao wao una kilomita zipatazo 65,000. Vibao vya njano ni vya matembezi ambayo mtu yeyote mwenye afya ya kawaida anayaweza. Nyeupe, nyekundu, nyeupe ni njia za mlimani, zenye mawe na mwinuko. Nyeupe, bluu, nyeupe ni za hatari, zinazomtaka mzoefu. Hata mtoto akiona rangi anajua. Hatuna haja ya kuiga rangi zao, lakini mpango wenyewe tunao tayari hapa Moshi, tena tunaupenda. Kilimanjaro Marathon, tangu 2003, haimlazimishi kila mtu kukimbia kilomita 42. Zipo 21, zipo na 5, na kwenye zile 5 utawakuta bibi, watoto, na wafanyakazi wa benki waliovaa fulana za ofisi. Hakuna anayewacheka. Kila mmoja kachagua umbali wake kwa sababu alielezwa mapema. Njia zetu nazo zielezwe mapema hivyo hivyo.

Na vibao viseme kweli. Sisi waongoza wageni tuna kasoro moja: tukiulizwa njia ni ya muda gani, tunataja muda wetu. Tunasema nusu saa, mtu anatembea saa moja na robo, giza linamkuta. Naomba muda utakaoandikwa upimwe na watu kama mama yangu. Kibao kiandikwe kwa Kiswahili kwanza: urefu kwa mita, njia inapanda kiasi gani, chini pana nini, je, kuna ngazi, kuna daraja, pa kugeukia ni wapi, maji ya kunywa yako wapi. Mtu akishayajua hayo ataamua mwenyewe. Mara nyingi wanaojali hukosea hapo; wanamwamulia mlemavu au mzee kwamba hawezi, wakati alichokosa ni taarifa.

Sasa nifike kwenye jambo gumu, la vihamba. Njia za mfongo zinapita kwenye ardhi za watu. Zinapita nyuma ya jikoni, kando ya zizi, na mara nyingine hatua chache kutoka kwenye makaburi, kwa kuwa sisi huwazika wazee wetu kihambani. Mgeni anayepita na kamera akampiga picha mama anayeosha vyombo au kaburi la mtu hafanyi mabaya kwa kukusudia, lakini ameumiza. Bila wenye vihamba kukaa kikao na kukubali, njia hizi zisiwekewe alama hata moja. Kamati za mifongo zipo, baadhi zina umri mkubwa kuliko hii mikoa yetu. Waanze nazo hizo kabla ya mtu yeyote kushika rangi. Palipo na kaburi njia izungushwe. Na kama kutakuwa na ada ndogo kwa wageni, fungu lake liende kwenye kuzibua mfongo na kwa vihamba vinavyopitiwa, kwa maandishi, isomwe kwenye mkutano wa kijiji.

Kuhusu alama zenyewe nina pendekezo. Nguzo za zege huku haziendani, na za chuma zitaibwa. Mpaka wa kihamba sisi tunauwekea mmea wa isale, na isale hilo hilo ndilo mtu anakwenda nalo kwa jirani yake anapoomba msamaha. Kila mtoto wa Kichaga anajua halikanyagwi. Pandeni masale kando ya njia kila baada ya hatua mia, na vibao viwekwe kwenye njia panda tu. Mgeni ataelezwa mara moja kwamba ukiona masale mawili yamesimama pamoja uko njiani. Jirani naye hatasogeza mgomba wake hapo.

Njia za wastani na za wenye nguvu sitazisemea sana, kwa kuwa hizo zina watu wa kuzisemea. Materuni kule Uru wageni wanakwenda kila siku, na maporomoko yake yanastahili. Panapotakiwa kazi ni pale chini karibu na maji, penye utelezi, pawekwe ngazi za mawe na kitu cha kushika. Kinukamori pale Marangu ni vivyo hivyo. Old Moshi kuna njia fupi inayofaa sana wanafunzi, inayofika Tsuduni alikonyongwa Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Historia ile itembelewe kwa miguu, siyo kwa kushuka kwenye basi dakika tano. Na kwa wale wanaotaka mlima wenyewe bila kulala, kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, na kisha kreta ya Maundi, ni siku moja nzuri kupita kiasi. Naiomba Hifadhi iitangaze safari hiyo kwa wananchi wa mkoa huu kwa Kiswahili, na iwe na siku maalumu za familia. Nimekutana na walimu wa hapa Moshi wa miaka 50 ambao hawajawahi kuingia kwenye msitu wanaoutazama kila asubuhi.

Msitu huo una mpaka wenye historia nzito kidogo. Ukanda wa nusu maili ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao, na tangu mwaka 2005 uko ndani ya hifadhi. Najua sababu za uhifadhi, na nimeona kwa macho yangu moto wa Oktoba 2020 ulivyokula vichaka vya juu ya Mandara. Mlima unahitaji ulinzi. Lakini kwa akina mama wengi mpaka ule ni mahali pa kukimbizwa. Njia ya miguu inayofuata mpaka kwa upande wa kijiji, iliyo halali, yenye watembeaji wa kila wiki, ingewarudisha watu karibu na msitu wao kwa heshima. Wanaotembea huona moshi mapema, na huona gogo lililokatwa jana.

Niwakumbuke pia wenzangu. Upagazi unamaliza magoti. Wagumu tuliobeba pamoja tukiwa vijana, wengi sasa wamekaa nyumbani wakiwa hawajafika miaka 50, na walichokijua kuhusu miti, ndege, hali ya hewa na wageni kimekaa nao kwenye kigoda. Watu hao ndio wangekuwa viongozi wa njia za chini. Na wanawake, ambao msafara wa siku saba unawawia vigumu kwa sababu ya watoto, wangeongoza matembezi ya saa mbili na kurudi nyumbani kabla ya shule kufungwa. Mama yangu ameshaonyesha kwamba hata Kijerumani hakihitajiki.

Najua mtauliza habari ya fedha. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa kambi ya Horombo, mita 3,720, nami niliitumia nikamwonyesha mke wangu mawingu kutoka juu yake. Lilikuwa jambo zuri. Nchi iliyopeleka intaneti kule juu haiwezi kushindwa na moramu na benchi pale Rau. Kwa hiyo naomba mambo haya yaingie kwenye mipango ya mwaka wa fedha unaoanza Julai: Wakala wa Misitu na Manispaa wakae pamoja juu ya mzunguko mmoja wa Rau, usizidi kilomita mbili, ukamilike kabla ya kingine chochote, Halmashauri ya Wilaya na Bodi ya Bonde wapime njia za mifongo mitatu ya kuanzia, Mbokomu, Uru na Kilema, na kuzitia kwenye ramani za vijiji kama njia za umma, chuo cha wanyamapori cha Mweka na TATCOT waombwe kutoa wanafunzi wa kupima, wale wa viti mwendo wakiwa ndani ya timu ya upimaji tangu siku ya kwanza. Wasiitwe mwishoni kukata utepe.

Mimi nitajitolea siku zangu zote za Aprili na Mei, wakati mlima hauna wageni. Wenzangu saba wameshakubali.

Na kama hayo yote yatachukua muda, kuna moja dogo ambalo halihitaji bajeti ya mkoa. Kwenye njia ya mfongo ya kwetu, karibu na kanisa, kuna mahali korongo dogo linavukwa kwa magogo mawili. Mvua ikinyesha yanateleza. Mama akifika hapo Jumapili husimama na fimbo yake, hungoja mtu apite amshike mkono, na siku nyingine hungoja mpaka wimbo wa kwanza umalizike. Ni mita nne tu. Mbao tunazo, tunahitaji ruhusa ya kuziweka na mtaalamu mmoja wa kutuonyesha namna ya kufunga vishikizo.

Ahsanteni kwa kunisoma.

Mwongoza wageni, Mbokomu, Moshi